Siku ya Pili ya Krismasi Ni ya Nani?

Muhula huu ulipokuwa ukikaribia kwisha, mwalimu wetu wa Kiingereza alituuliza darasani nini maana ya jina Boxing Day, yaani tarehe 26 Desemba, siku ifuatayo Krismasi. Mikono mingi ilipanda juu. Mwenzetu wa kwanza alijibu kuwa ni siku ya ndondi. Wa pili alikubaliana naye, akaongeza kwamba zamani Wazungu walikuwa wakipigana ngumi baada ya kunywa mno siku ya Krismasi. Tulicheka sana, lakini katika sisi tuliocheka hapakuwa na hata mmoja mwenye jibu bora. Wala si ajabu. Huko Dar es Salaam wenye kupanga mapambano ya ndondi huipenda tarehe hiyo, na mgeni akitazama mabango yao ukutani aweza kudhani kuwa Serikali iliiweka sikukuu hii kwa ajili ya mabondia.

Nilikwenda kutafuta katika maktaba, na niliyoyapata huko ndiyo yaliyonitia hamu ya kuandika. Shule zitafungwa hivi karibuni, na tarehe 26 itatukuta sote majumbani. Wengi wetu siku hiyo hatujui tuifanye nini. Krismasi ina ibada yake, nguo zake mpya na pilau yake. Siku ya pili haina kitu. Watu huamka wamechelewa, vichwa vizito, wakakaa mbele ya televisheni au wakashika simu mpaka jioni, huku wakilalamika kuwa sikukuu imekwisha upesi. Mimi naona kuwa siku hii yaweza kuwa na raha kuliko Krismasi yenyewe. Lakini raha hiyo ina sharti moja, nalo nitalitaja baada ya kueleza habari za sanduku.

Jina lile halihusiani na ngumi hata kidogo. Box ni sanduku. Katika Uingereza ya miaka ya 1600, wanagenzi waliokuwa wakijifunza kazi madukani na katika karakana walikuwa na chombo cha udongo chenye tundu jembamba juu. Wateja walitia humo senti zao wakati wa Krismasi, na kwa kuwa chombo hakikuwa na mlango, hapakuwa na njia ya kuzitoa ila kukivunja. Sisi chombo hicho twakijua sana, ni kibubu. Bwana Samuel Pepys, aliyekuwa karani katika halmashauri ya jeshi la majini la Uingereza, na ambaye kumbukumbu zake za kila siku zasomwa hadi leo, aliandika tarehe 19 Desemba 1663 kwamba alikwenda kwa fundi viatu wake, akalipa alichodaiwa, kisha akatia kitu katika sanduku la vijana kwa ajili ya Krismasi. Angalieni kwamba hakumpa fundi mwenyewe, bali aliwapa wale vijana waliokuwa wakipiga misumari nyuma ya duka.

Baadaye desturi hii iliingia majumbani. Katika nyumba za matajiri, watumishi hawakuwa na Krismasi. Tarehe 25 ndiyo iliyokuwa siku yao ya taabu kuliko zote: kuwasha mioto, kuoka nyama, kupokea makoti ya wageni, kuosha vyombo mpaka usiku. Kesho yake ndipo walipopata ruhusa ya kwenda kuwaona wazazi wao, wakiwa wamebeba zawadi kutoka kwa mabwana zao. Mwaka 1871 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya siku za mapumziko, na tarehe 26 Desemba ikawa mojawapo. Aliyeileta sheria hiyo ni Sir John Lubbock, mwenye benki ambaye pia alikuwa mtaalamu wa wadudu. Mwaka 1882 alitoa kitabu juu ya sisimizi, nyuki na nyigu. Labda ni kwa kuwachungulia sisimizi ndipo alipojua kuwa wafanyao kazi ndio walio wengi, nao wana haki ya kupumzika.

Walakini, siku yenyewe ni ya kale kuliko sheria hiyo, na kuliko Uingereza. Katika makanisa ya Magharibi, tarehe 26 Desemba ni sikukuu ya Mtakatifu Stefano. Sote twakumbuka kuwa Stefano alipigwa mawe akafa. Wachache hukumbuka kazi aliyochaguliwa kuifanya kabla ya hapo, nayo imeandikwa katika Matendo ya Mitume, sura ya sita. Palitokea manung'uniko kwamba baadhi ya wajane walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya chakula ya kila siku. Basi wakachaguliwa watu saba wasimamie huduma hiyo, na wa kwanza kutajwa ni Stefano. Kwa hiyo mwenye siku hii alikuwa msimamizi wa sahani, mtu aliyewekwa ili asiwepo anayesahauliwa wakati wengine wanakula.

Sikukuu hii ilitufikia kwa mkono wa utawala wa Waingereza. Wao waliondoka, Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961, na siku ikabaki katika sheria zetu, kama ilivyobaki Kenya na Uganda. Tuliipokea pamoja na jina lake, lakini sanduku halikufika. Afrika ya Kusini walifikiri zaidi kidogo: waliibakiza siku, ila wakaliondoa jina la zamani, wakaiita Siku ya Nia Njema. Kwetu wako waiitao siku ya kupeana zawadi. Ni jina zuri, lakini mimi nina ubishi nalo. Kupeana ni kazi ya watu walio sawa: wewe wanipa leso, nami nakupa soksi. Siku hii haikuwa ya kupeana. Ilikuwa siku ya kumpa yule aliyekutumikia.

Basi tujiulize, wasomaji: tarehe 25, katika nyumba zetu, nani alitumika?

Fikirini jinsi siku ile inavyokwenda. Kabla ya jogoo wa pili kuna mtu amekwisha kuamka. Amepepeta mchele na kutoa mawe, amemenya vitunguu saumu, ametwanga bizari, amekuna nazi tatu. Sisi twaoga, twavaa, twakwenda kanisani. Yeye yumo katika moshi. Tukirudi, wageni wameanza kuingia kwa makundi, na kila kundi lahitaji soda, sahani, maji ya kunawa na kiti. Kundi moja likitoka, sahani zaoshwa ili kundi jingine lilie. Saa mbili usiku, wakati sisi twahesabu pesa tulizopewa na wajomba, yeye ndiyo kwanza anakaa juu ya kibao cha mbuzi kula ukoko uliobaki chini ya sufuria. Katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama, au shangazi, au dada yetu mkubwa. Katika nyumba nyingine, hasa za mijini, ni dada wa kazi.

Juu ya huyu dada wa kazi nataka kusema kwa uwazi, ingawa najua gazeti letu husomwa na wazazi pia. Mara nyingi umri wake ni kama wetu. Angekuwa na bahati kama yetu angekuwa Kidato cha Tatu au cha Nne, na huenda angetushinda hesabu. Mwezi wa Desemba mji wa Dar es Salaam huhama; mabasi ya Moshi na Arusha hujaa kwa siku nyingi, kila mtu akirudi kwao kula sikukuu na wazazi. Dada wa kazi huachwa kulinda nyumba, au huchukuliwa ili akapike katika jiko asilolijua, kwa watu asiowajua, wakati mama yake mzazi yuko Singida au Iringa, anakula Krismasi bila yeye. Kisha tarehe 26 yafika, siku ambayo kwa asili yake ni ya mtu kama yeye kuliko mtu mwingine yeyote, naye anaamka kuosha masufuria ya jana.

Wako watakaosema, "Lakini analipwa." Naam, alipwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kuwa mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya umma, kila saa yake hulipwa mara mbili ya mshahara wake wa kawaida. Naomba wazazi wetu waliosoma hapa watazame kama ndivyo ilivyo nyumbani. Sikusudii kumshtaki mtu, ila swali la sheria lina jibu lake, na mimi nazungumza juu ya jambo ambalo sheria haiwezi kulipima, yaani furaha ya siku nzima. Wengine watasema, "Kwao ni mbali, siku moja haimtoshi kwenda na kurudi." Ni kweli. Basi apewe siku nyingi zaidi mwezi wa Januari, na tarehe 26 iwe yake hapohapo mjini: aende kwa ndugu yake aliye mtaa wa pili, azungumze na mama yake kwa simu mpaka wachoke wote wawili, au akae tu barazani amekunja mikono, watu wengine wakimletea chai.

Hili ndilo sharti nililolitaja. Aliyepika jana asipike leo. Mkilishika hilo, mambo mengine yote ya siku hiyo yatakuwa mepesi na ya raha, kwa sababu hapatakuwa na mtu mmoja nyumbani aliyenuna.

Na mwanzo wa raha hiyo ni kibubu. Shauri langu ni kwamba tununue kimoja siku ileile shule inapofungwa. Cha udongo ni kizuri zaidi kwa sababu ya kishindo chake kikivunjwa, lakini hata cha mbao kinafaa. Kiwekwe mahali ambapo kila mtu hupita. Kila mtu wa nyumbani, pamoja na baba, atie chochote apendacho, na asiulizwe ni kiasi gani. Wageni wa Krismasi nao waonyeshwe tundu lake. Mjomba aliyekula sahani tatu hawezi kupita bila kutia kitu. Asubuhi ya tarehe 26, baada ya chai, mtoto mdogo kuliko wote apewe nyundo. Kitakachotoka ni cha yule aliyepika, akifanyie apendavyo. Siamini kuwa katika siku ya Krismasi yenyewe kuna dakika yenye kusubiriwa na watoto kama dakika hiyo itakavyosubiriwa. Hata wale ambao pesa si zao watazihesabu.

Sasa nifike kwenye swali ambalo najua mnaliuliza tangu mlipoanza kusoma: nani atapika? Waingereza walilijibu kwa werevu. Siku hiyo hula nyama ya jana, ikiwa baridi, kwa mkate na achari, wala hawawashi jiko kubwa. Kwa maneno mengine, hula kiporo. Sisi kiporo twakijua tangu utotoni, na wengine wetu hukipenda kuliko chakula kipya. Lakini yafaa tukumbuke tofauti moja. Kwao tarehe 26 Desemba ni kipupwe. Ukiacha bakuli dirishani usiku, asubuhi limekuwa kama barafu. Kwetu ni joto kali. Katika wali mna bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa saa nyingi katika sufuria lililofunikwa, mbegu hizo huamka, nao bakteria hutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto wali asubuhi. Wenye jokofu wautie ndani mapema, umetandazwa katika sinia ili upoe upesi. Wasio na jokofu wapike Krismasi kwa kipimo, pilau iishe usiku uleule, na nyama ya kesho ibanikwe juu ya moshi kama bibi zetu walivyofanya siku zote. Kisha tarehe 26 pawe na ugali, mchicha na nyama hiyo, na wapishi wawe sisi.

Naona wavulana wenzangu mmekunja nyuso. Lakini sielewi tunachoogopa. Shuleni twadeki madarasa, twachota maji, twafyeka nyasi, na siku ya mahafali ni sisi tuliosonga ugali wa watu mia tatu kwa mwiko mrefu kama kasia. Mikono hiyohiyo ikifika nyumbani hudai kuwa haijui kuosha kikombe. Kazi ya vyombo vya Krismasi, wakiifanya vijana wanne, mmoja akisugua, mmoja akisuuza, wa tatu akipanga na wa nne akiimba, haizidi saa moja na nusu. Akiifanya msichana mmoja peke yake, ni asubuhi nzima. Hiyo ni hesabu ya darasa la tano. Ugali wetu ukitoka na madonge, basi nayo itakuwa hadithi ya kucheka mwaka ujao.

Baada ya chakula, mpira. Hapa nina furaha kuwaambia wapenzi wa kabumbu kwamba siku hii ni kama siku yao ya kuzaliwa. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kabisa duniani kati ya vilabu viwili ilichezwa tarehe 26 Desemba 1860, huko Sheffield, Uingereza. Klabu ya Sheffield iliwafunga majirani zao wa Hallam mabao 2 kwa 0 katika uwanja wa Sandygate, na uwanja huo ungalipo. Tangu hapo Waingereza hawakuiacha. Tarehe 26 Desemba 1963 zilichezwa mechi kumi za daraja la kwanza, yakapatikana mabao 66. Fulham waliwafunga Ipswich 10 kwa 1. Blackburn walikwenda London wakawafunga West Ham 8 kwa 2. Manchester United walifungwa na Burnley 6 kwa 1. Siku mbili baadaye timu hizo zilirudiana. Ipswich waliwafunga Fulham 4 kwa 2, West Ham wakawafunga Blackburn 3 kwa 1, na Manchester United wakawalipa Burnley 5 kwa 1. Wenye kupenda kutabiri matokeo na wazitafakari hesabu hizo kabla ya kuweka hata shilingi moja.

Lakini mechi ninayoipenda zaidi ni ile ya Boxing Day ya mwaka 1920. Wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr cha mjini Preston walicheza na wanawake wa St Helens katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool. Watazamaji waliokuwa ndani walikuwa kiasi cha 53,000, na wengine kwa maelfu walibaki nje kwa kukosa nafasi. Pesa za viingilio zilikwenda kusaidia wenye shida. Mngedhani kuwa wakubwa wa mpira wangefurahi. Desemba ya mwaka uliofuata, 1921, chama cha mpira cha Uingereza kilipiga marufuku wanawake kucheza katika viwanja vya vilabu vyake, kwa madai kuwa mchezo huo hauwafai, na marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50.

Naitaja habari hiyo kwa kusudi. Likizo zilizopita, vijijini na mitaani, nimeona mechi nyingi za siku ya pili ya Krismasi: waliorudi kutoka mjini wakicheza na waliobaki, walioa wakicheza na wasiooa. Nimeona wasichana wachache sana pembeni mwa uwanja, na ndani ya uwanja hakuna. Kwetu hapana chama kilichowapiga marufuku. Wamezuiwa na masufuria. Msichana anayejua kupiga mpira, nao shuleni kwetu twawajua, hawezi kuwa uwanjani saa tisa ikiwa saa tisa ndiyo anaanza kuosha vyombo vya mchana. Vyombo vikioshwa na watu wote ifikapo saa saba, saa tisa timu mbili za wasichana zipo, na za wavulana zipo. Tuna bahati kuliko Waingereza katika jambo moja: London siku hiyo jua hutua kabla ya saa kumi jioni, bali letu hutua baada ya saa kumi na mbili. Mechi tatu zinatosha.

Wasiopenda mpira wana mengi. Kutembea kwa miguu ni raha isiyo na gharama, nayo yapendwa sana na Waingereza siku hiyo, ingawa wao hutembea katika matope na baridi wakiwa wamevaa kama walinzi wa usiku. Nendeni kwa wazee ambao jana hawakuweza kufika kanisani wala karamuni. Mzee aliyekaa peke yake siku ya Krismasi huona siku ya pili kuwa ndefu mno. Chukueni kete za bao. Mtafungwa, lakini mtasikia mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote cha historia ya wilaya yetu.

Walio karibu na pwani watakwenda baharini, na huko Coco Beach mihogo ya kukaanga haitatosha. Wao nina neno moja nao. Tarehe 26 Desemba 2004, asubuhi, tetemeko kubwa chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra lilisukuma mawimbi yaliyoua watu zaidi ya 220,000 katika nchi zilizoizunguka Bahari ya Hindi. Mawimbi hayo yalivuka bahari nzima. Mchana uleule yalifika Somalia yakaua mamia, na hata pwani ya Tanzania watu walikufa, wakiwamo waliokuwa wakiogelea kwa furaha ya sikukuu. Huko Phuket, Thailand, msichana wa Kiingereza wa miaka 10 aliona maji ya bahari yakitoa povu kwa namna ya ajabu, akakumbuka somo la jiografia alilofundishwa wiki mbili kabla, akawapigia kelele wazazi wake. Watu kiasi cha mia moja walitoka pwani wakapona. Basi bahari ikirudi nyuma ghafula wakati si wa maji kupwa, msikimbilie kuokota samaki, kimbilieni mlimani. Na siku za kawaida, adui mkubwa zaidi ni mkondo wa maji na mtu anayejifanya ajua kuogelea.

Raha moja ya siku hii ningependa isifike kwetu, nayo ni ya madukani. Katika Uingereza ya leo maduka mengi huanza kuuza kwa bei ya kupunguza tarehe 26, na watu hupanga foleni kabla ya alfajiri. Sheria ya mwaka 2004 huyafunga maduka makubwa ya Uingereza na Wales siku ya Krismasi, lakini si siku ya pili. Kwa hiyo muuza duka, ambaye ni mjukuu wa wale wanagenzi wenye kibubu cha udongo, siku yake ameipoteza kwa ajili ya watu wanaotaka viatu kwa bei nafuu. Hata wenye desturi yao wameisahau, seuze sisi.

Wenzetu Waislamu wanaosoma haya huenda wanatabasamu, kwa kuwa jambo hili kwao si geni. Idi haiishi kwa Idi mosi. Unguja watoto husherehekea siku nne, wakizunguka na pesa zao za sikukuu mpaka uwanja wa Mnazi Mmoja, na hakuna mtu aulizaye Idi pili ifanyiwe nini. Ningefurahi mmoja wao aandike katika toleo lijalo atueleze, katika siku zote nne hizo, nani hupika.

Kwa wazazi nina ombi dogo. Wageni watakaolala nyumbani tangu Krismasi, msiwaonee haya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tarehe 26 ni siku yao ya pili, kwa hiyo jembe bado. Lakini kitambaa cha kufutia sahani si jembe.

Nyumbani kwetu kibubu kimekwisha kununuliwa, nacho ni cha mbao, kwa kuwa mama hataki vigae sebuleni. Mdogo wangu wa darasa la sita ameomba apewe kazi ya kusukuma chapati za asubuhi, na kaka yetu mkubwa amejitolea kuleta msumeno wa kuzikatia. Dada wa nyumbani alipoambiwa habari hizi aliuliza mara mbili kama ni kweli, kisha akauliza kama aweza kupiga penalti.